Je, Ushujaa wa Kijana ni Hati ya Kuingilia Chuo?

Katika mambo ambayo watu huyahukumu kwa haraka, kisha hukumu zao zikaja zikawapinga wenyewe, ni hili la nani apewe nafasi katika chuo ambacho nafasi zake ni chache na wazitakao ni wengi. Kila mtu husema, "Apewe anayestahiki." Neno hili hulikubali wote, tajiri na masikini, mjuzi na asiyejua, na kwa sababu hiyo halina faida kubwa mpaka tuulize: kustahiki ni nini? Leo twataka kulitazama swali hili katika nchi ambako limebishaniwa kuliko kwengine kote, nayo ni Marekani, na khasa katika khabari ya vijana wajulikanao kwa kusimama hadharani kutetea jambo, wale tuwaitao wanaharakati, kisha wakapokewa katika vyuo vikubwa na huku wenzao wenye alama za juu zaidi wamekataliwa.

Khabari yenyewe ni hii. Tarehe 14 Februari 2018 kijana mmoja mwenye bunduki aliingia katika skuli ya sekondari aliyokuwa akisoma zamani, katika mji wa Parkland, jimbo la Florida, akauwa watu 17. Hazikupita siku nyingi, wanafunzi walionusurika wakasimama mbele ya taifa zima kutaka sheria za silaha zikazwe, na tarehe 24 Machi mwaka huo wakaongoza maandamano makubwa mjini Washington, yakafuatwa na mengine katika mamia ya miji. Mmoja wao alikuwa David Hogg, naye wakati wa mauaji yale alikuwa na umri wa miaka 17. Mara ikajulikana kuwa vyuo kadha vya California vimemkataa, na mtangazaji mmoja wa televisheni akamfanyia dhihaka mbele ya watu kwa kukataliwa huko. Kijana akaahirisha masomo kwa mwaka, na mwezi wa Disemba 2018 akatangaza kuwa amepokewa Harvard. Alama zake katika mtihani uitwao SAT, ambao ukomo wake ni 1600, zilikuwa 1270. Wengi wa waingiao Harvard hupata zaidi ya 1450.

Hapo ndipo ulipotoka ubishi. Wako waliosema kwamba ameibiwa mwanafunzi fulani asiyejulikana jina, aliyekesha na vitabu vyake, ili nafasi ile apewe mtu kwa kuwa picha yake imeonekana magazetini. Na wako waliosema kwamba kijana aliyewahi kusimama mbele ya wakubwa wa nchi, na maiti za wenzake zingali mbichi, amejifunza jambo ambalo halifundishwi kwa hesabu za darasani, na chuo kilicho na akili kitamtaka. Kila upande ulimwona mwenzake kuwa hana insafu. Na sisi twaona kwamba kila upande ulishika kipande cha ukweli ukakitumia vibaya.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Katika skuli ile ile alikuwako kijana mwengine aliyenusurika, Kyle Kashuv, naye alikuwa mwanaharakati vilevile, ila wa upande wa pili: alitetea haki ya raia kumiliki silaha. Alama zake zilikuwa 1550. Harvard ikampokea naye. Kisha mwezi wa Juni 2019 ikaifuta nafasi yake, baada ya kudhihirika maneno machafu ya kuwatukana watu weusi ambayo aliyaandika alipokuwa na miaka 16. Aliomba radhi, na radhi yake haikumrudishia nafasi. Basi hawa ni vijana wawili wa skuli moja na msiba mmoja. Mmoja ana alama ndogo, naye ameingia. Mwengine ana alama kubwa, naye ametolewa mlangoni. Mtu akitaka kufahamu ugumu wa neno "kustahiki", hahitaji mfano mwengine.

Tuseme kwanza jambo moja la hesabu, kwani wengi hulisahau. Mwaka 2019 Harvard ilipata maombi 43,330, ikawakubali 1,950. Yaani katika kila watu 100 waliobisha hodi, hawakufunguliwa hata watano. Katika waliokataliwa, maelfu kwa maelfu walikuwa na uwezo kamili wa kusoma humo na kufaulu. Basi pale ambapo wanaoweza ni wengi kuliko nafasi, aliyekosa hawezi kusema, "Nimenyang'anywa haki yangu," kwa kuwa haki ile hakuwa nayo peke yake; walikuwa nayo yeye na maelfu wengine. Alichokuwa nacho ni haki ya kutazamwa kwa mizani ile ile anayotazamiwa mwenziwe. Ukimpa mwenzangu kitu kwa mizani ya uongo umenidhulumu, hata ikiwa kitu chenyewe hakikuwa changu. Hili twaomba msomaji alishike, maana ndilo tutakalolirejea.

Sasa, kustahiki kuna maana mbili, na watu huzichanganya. Maana ya kwanza ni ya ujira: mtu amefanya kazi, basi alipwe. Maana ya pili ni ya amana: kitu kimewekwa kwa kazi fulani, basi akabidhiwe atakayekitumia kwa kazi hiyo. Aristotle, katika mazungumzo yake juu ya siasa, alitoa mfano mzuri. Ikiwa ziko zumari nzuri za kugawa, tumpe nani? Hatumpi aliye mzuri wa sura, wala aliye wa ukoo mkubwa; twampa apigaye zumari vizuri kuliko wote, kwani zumari zimeundwa ili zipigwe. Mzuri wa sura hakosi thamani kwa hilo. Ila thamani yake si ya zumari.

Tukiitia nafasi ya chuo katika mizani hii, twaona kuwa ni amana na si ujira. Mwalimu, maktaba, chumba cha majaribio ya sayansi, vyote vimewekwa ili elimu ipatikane. Basi anayesema, "Kijana huyu alikuwa shujaa, astahiki kulipwa Harvard," amekosea mlango. Shujaa hulipwa kwa shukrani ya watu, na kwa nishani ikiwa ipo, na kwa sheria aliyoitaka ikiwa imepita. Na anayesema, "Kijana huyu alikesha miaka mitatu, astahiki kulipwa Harvard," naye amekosea mlango ule ule, ijapokuwa kosa lake halionekani upesi. Alama si mshahara wa kukesha. Alama ni dalili kwamba mtu huyu akipewa kitabu kigumu atakifahamu. Laiti kungekuwa na mtu awezaye kufahamu bila ya kukesha, chuo kingekuwa na sababu ile ile ya kumpokea.

Je, uanaharakati nao si dalili? Hakika unaweza kuwa. Kijana aliyekusanya watu wasiokubaliana akawafanya wakae baraza moja. Aliyesoma sheria ngumu ili ajue ni kifungu gani anachokipinga. Aliyeshindwa mara ya kwanza akarudi kutazama kosa lake: huyu ameonyesha mambo ambayo mtihani wa saa tatu hauyaoni. Nasi hatuoni ubaya wowote chuo kikiyatazama hayo. Bali mtihani wenyewe si malaika. Mwenye mali humwekea mwanawe mwalimu wa nyumbani, na mtoto wa muuza samaki hujisomea kwa mwanga wa taa ya jirani. Kisha wote wawili hupimwa kwa karatasi moja, na huitwa huo ni usawa.

Lakini twauliza: hicho chuo, kinapotazama uanaharakati, chatazama hayo tuliyoyataja, au chatazama umashuhuri? Mwaka 2017 kijana mmoja wa New Jersey, Muislamu, aliulizwa na chuo cha Stanford katika fomu yake, ni jambo gani alilo nalo moyoni na kwa nini. Akajibu kwa kuandika mara 100 lile neno la watetezi wa uhai wa watu weusi, na hakuandika kitu chengine. Alikubaliwa. Ni kweli alikuwa na kazi nyingine nyingi alizozifanya, na hatusemi kwamba jibu lile peke yake lilimwingiza. Wala hatulitilii shaka jambo alilolitetea. Ila jibu lile halijibu "kwa nini", nayo ndiyo nusu ya swali. Chuo kikilisifu jibu la namna hiyo, chawafundisha maelfu ya watoto wa mwaka ujao kwamba kupaza sauti kwatosha badala ya hoja.

Tena iko khatari nyengine. Hii habari ya kupima "tabia" badala ya alama peke yake haikuzaliwa kwa nia njema. Katika miaka ya 1920 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, aliona kwamba Mayahudi wamekuwa wengi katika chuo, kwani walikuwa wakifaulu mitihani. Ilipofika 1925 walikuwa zaidi ya robo ya wanafunzi wapya. Alitaka kuwawekea mpaka wa asilimia 15 waziwazi, akapingwa. Ndipo ikapatikana njia ya kichinichini: tangu 1926 chuo kikaanza kuangalia tabia na haiba ya mwombaji, na kutaka picha yake. Mtihani ulikuwa hauwezi kumjua Yahudi, lakini picha na "tabia" ziliweza. Mtu wa Harvard wa leo atasema, na kwa haki, kwamba wao si watu wa 1926. Tusemacho sisi ni kwamba chombo ni kile kile. Mizani isiyo na namba humtii aliyeishika, akiwa mwema hupima mema, akiwa dhalimu hupima dhulma, na mwombaji aliye nje hana njia ya kujua ni ipi aliyopimiwa.

Na walio nje hawana njia, ila wakati mwengine mlango hufunguka kidogo. Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani iliwashitaki watu 50 katika kesi ya mtu aitwaye William Singer, ambaye alikuwa akipokea fedha za matajiri, jumla yake kama dola milioni 25, ili awatengenezee watoto wao njia ya kuingia vyuoni. Wengine walibadilishiwa majibu ya mtihani. Wengine walitiwa katika orodha za wachezaji wa michezo ambayo hawakuicheza kamwe, wakapigwa picha wamevaa mavazi yake. Msomaji azingatie: ikiwa mtu aweza kununua picha ya mpiga makasia, kitu gani kitamzuia kununua picha ya mtetezi wa wanyonge? Mpiga makasia hata hivyo ataulizwa siku moja aingie mashuani. Mtetezi wa wanyonge haulizwi wanyonge wenyewe wako wapi.

Mwaka 2023 wataalamu wa uchumi watatu, Raj Chetty na wenziwe David Deming na John Friedman, walitoa uchunguzi wao juu ya vyuo hivi vikubwa. Walikuta kwamba watoto wa jamaa walio katika asilimia 1 ya juu ya kipato huingia humo mara mbili na zaidi kuliko watoto wa watu wa kati wenye alama zile zile. Walipotafuta sababu walizikuta tatu: upendeleo kwa watoto wa waliosoma humo, kuandikishwa kwa wachezaji, na ile hesabu ya mambo yasiyokuwa ya masomo: shughuli za nje, barua za walimu, haiba. Hii ya tatu ndiyo yetu. Watu wengi hudhani kwamba kupunguza uzito wa alama na kuongeza uzito wa "matendo" kutamfaa masikini. Imeonekana kinyume. Skuli ya matajiri ina mwalimu ambaye kazi yake ni kuandika barua za sifa. Ina chama cha mijadala, na gazeti, na safari ya kwenda kusaidia nchi za mbali wakati wa likizo. Mtoto wa masikini akitoka darasani humpokea mama yake kazi, au huwalea wadogo zake, au huuza dukani mpaka usiku. Hana nafasi ya kuandamana. Na lau angeandamana, angepoteza siku ya kazi, na hapana mwandishi wa gazeti ambaye angemjua jina.

Basi kwa hili twaona kwamba hoja ya kwanza ya wateteao wanaharakati, kuwa chuo kiwatazame vijana wenye ushujaa wa kijamii na si walala na vitabu, huishia mara nyingi katika mikono ya wale wale waliokuwa nacho. Kumlea mdogo wako kwa miaka minne bila ya kukosa darasa ni jambo zito kuliko hotuba kumi. Lakini halina picha.

Wako watakaotujibu: "Mkisema hivyo mtawavunja moyo vijana, nao watakhofu kusema haki." Hili ni jibu la maana, na lataka kutenganishwa mambo mawili.

Kumdhuru mtu kwa kusema haki ni jambo moja, na kumlipa kwa kusema haki ni jambo jengine. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa katika meza ya chakula iliyowekwa kwa ajili ya wazungu, mjini Greensboro, North Carolina, na moto wao ukaenea. Mwezi ule ule, wanafunzi wa chuo cha watu weusi cha serikali mjini Montgomery, Alabama, walifanya kama wao katika mkahawa uliokuwa ndani ya jengo la mahakama. Chuo chao kikawafukuza tisa, bila ya kuwaambia kosa lao ni lipi wala kuwasikiliza. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1961 mahakama ya rufani ikaamua kwamba chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila ya kumjulisha mashtaka na kumpa nafasi ya kujitetea. Kesi hiyo hutajwa mpaka leo. Vijana wale hawakutafuta nafasi ya chuo kwa harakati zao. Walikuwa nayo, wakaiweka rehani.

Kwa hiyo vyuo vya Marekani vilifanya haki mwezi wa Februari 2018, vilipotangaza, na chuo cha MIT kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, kwamba mwombaji aliyeadhibiwa na skuli yake kwa kuandamana kwa amani hatadhuriwa na adhabu hiyo katika ombi lake. Huo ni ulinzi, nao ni wajibu. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kwamba aliyeandamana aongezewe alama juu ya ambaye hakuandamana, hiyo ni safari nyengine, na hoja ya kwanza haiifikishi. Nikimkataza mtu asikupige kwa kusema kweli, sijamwamuru akupe nyumba.

Tena malipo yana tabia ya kukibadilisha kile kinacholipwa. Watu wetu wa zamani walikuwa na neno kwa mtu afanyaye jema ili aonekane, na hawakulitumia kwa sifa. Kijana wa 1960 akijua kuwa atafukuzwa, na bado akakaa katika ile meza, nia yake haikuwa na haja ya kushuhudiwa na mtu. Kijana wa leo akijua kwamba maandamano yataandikwa katika fomu yake, hata akiwa na moyo safi kabisa hawezi tena kuuthibitisha, si kwetu sisi tu bali hata kwake mwenyewe. Huu ni msiba mdogo ambao watu hawautaji. Chuo, kwa kutaka kuuheshimu ushujaa, kimewanyang'anya mashujaa dalili yao.

Na hapa turudi kwa Kashuv. Wengi waliuliza, je, yafaa mtu ahukumiwe kwa aliyoyaandika akiwa na miaka 16? Sisi twaona kwamba Harvard haikuwa na njia nyengine, si kwa kuwa adhabu ile ilikuwa ya haki, bali kwa kuwa imeshajifunga yenyewe. Ukisema kwamba jema alilolifanya kijana wa miaka 17 lina uzito mizanini mwako, huwezi kusema kwamba ovu alilolifanya kijana wa miaka 16 ni mchezo wa kitoto. Ama wote wawili ni watoto, basi tuwapime kwa masomo na tuwaache wakue. Ama wote wawili ni watu wazima, basi na tuhesabu mema na maovu yao, na tutume wapelelezi katika barua zao za siri. Chuo kimetaka faida ya mlango wa pili bila ya gharama yake. Gharama yenyewe ni kwamba mtoto wa skuli sasa huishi kama mgombea wa baraza, akichunga kila neno, na umri ule umewekwa kwa kukosea na kujirudi.

Ukitaka kujua kama chuo chapenda uanaharakati au chapenda sifa zake, tazama kinavyofanya harakati zikiingia ndani ya ua wake. Tarehe 18 Aprili 2024 rais wa chuo cha Columbia, New York, aliwaita polisi, wakawakamata wanafunzi zaidi ya 100 waliopiga hema katika uwanja wa chuo kupinga vita vya Gaza. Mwezi uliofuata Harvard ikawazuilia shahada wanafunzi 13 katika siku ya mahafali kwa jambo kama hilo, na hali walimu wao wamepiga kura wapewe. Wengi wao walipewa baadaye. Mtu aweza kusema kwamba hema zilivunja kanuni, na kanuni ni kanuni. Twakubali kwamba hoja hiyo iko. Lakini baadhi ya vijana hawa waliingia kwa insha walizozieleza ndani yake ujasiri wao wa kuvunja kimya. Walisifiwa kwa kuvunja kimya cha watu wengine.

Mtu atauliza, je, hapana mwanaharakati aliyeingia chuo kwa njia iliyonyooka? Yuko, na jina lake lajulikana na kila mtu. Malala Yousafzai wa Pakistan alipigwa risasi mwezi wa Oktoba 2012 kwa sababu ya kutetea masomo ya wasichana, na mwaka 2014 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani, naye ana miaka 17. Lau kuna kijana ambaye chuo kingeweza kumwambia, "Ingia, hatuna la kukuuliza," ni yeye. Chuo cha Oxford hakikumwambia hivyo. Kilimpa sharti la kupata alama A tatu katika mtihani wake wa mwisho, naye akapata, akaingia mwaka 2017, akamaliza 2020. Sisi twaona kwamba sharti lile lilimheshimu kuliko kusamehewa. Hapana mtu leo awezaye kusema kuwa msichana yule alipewa kiti cha mwengine.

Hapa kwetu Kenya jambo hili huja kwa sura ya pili. Nafasi za vyuo vikuu vya serikali hugawanywa kwa alama za mtihani wa kidato cha nne na machaguo ya mwanafunzi, na hapana pahala pa kuandika kwamba uliongoza maandamano. Tena historia yetu yatufundisha kwamba uanaharakati ulikuwa njia ya kutokea chuoni. Baada ya jaribio la kupindua serikali la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na wanafunzi wakatiwa ndani. Mwenyekiti wa chama chao, Tito Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akafia gerezani mwaka 1988. Mtu aliyekumbuka hayo akisikia kwamba Marekani wako wauzao mashauri kwa wazazi, jinsi ya kumfanya mtoto aonekane mtetezi wa haki kabla ya kutuma maombi, hajui acheke au alie.

Hatusemi kwa hayo kwamba utaratibu wetu ni mwema kupita wao. Alama peke yake zina dhulma zake: mtoto wa Kiunga au wa Tana River aliyesoma bila ya mwalimu wa fizikia hushindana na mtoto wa skuli yenye kila kitu. Lakini dhulma hiyo yaonekana, yahesabika, na mtu aweza kusimama akaitaja kwa namba. Dhulma ya "haiba" haionekani.

Basi nini kifanywe? Tukiulizwa sisi, twaipenda rai ambayo Michael Sandel, mwalimu wa falsafa wa Harvard yenyewe, aliitoa katika kitabu chake cha 2020 juu ya udhalimu wa ustahiki. Asema: wachujwe kwanza wasioweza masomo, kisha katika hao maelfu wanaoweza ipigwe kura. Wengi waliisikia rai hii wakacheka. Lakini ndugu wanapogawa shamba la mirathi, mafungu yakisha sawazishwa, kura ndiyo iondoayo ugomvi, kwani hapana awezaye kusema kwamba kura ilimpendelea kaka. Uholanzi waliitumia kura kwa miaka mingi katika kuwachagua wanafunzi wa udaktari, ila mwenye alama kubwa alipewa bahati zaidi. Ikaachwa 2017, na baadaye ikaruhusiwa tena. Haikuonekana kwamba wagonjwa wa nchi ile walikufa kwa hilo.

Faida yake kubwa si kwa aliyekosa, ni kwa aliyepata. Aliyeingia kwa kura hujua kwamba kuna mwenziwe aliye sawa naye ambaye hakuingia. Hawezi kujiona kuwa ameumbwa kwa udongo mwengine. Na mwanaharakati aliye na alama za kumtosha ataingia katika kura kama wengine, na ushujaa wake utabaki wake. Asiyekuwa na alama hizo atakwenda chuo chengine, nako atasoma, na akiwa na sauti itasikika huko. Hapana sheria ya Mwenyezi Mungu wala ya watu isemayo kwamba kiongozi lazima atoke Harvard.

Kura ina upungufu wake pia, na hatuufichi. Itamkosesha siku moja mtu wa ajabu asiye na mfano, na itampa nafasi mvivu aliyepenya mchujo kwa unywele. Vilevile itakinyima chuo furaha ya kuchagua wa kujifakharisha naye, na ndiyo maana, kwa dhana yetu, hapana hata kimoja katika vyuo hivyo vikubwa vya Marekani kilichoikubali. Tangu tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya nchi ile ilipoharimisha kuhesabu rangi ya mwombaji, na huku ikiacha ruhusa kwa mwombaji kueleza katika insha jinsi rangi ilivyomgusa maishani, uzito wa insha haukupungua, umezidi. Basi mlango wa masimulizi umepanuka, na wauza masimulizi wamepata soko.

Imebaki khabari ya watoto wa waliosoma humo na watoto wa wafadhili, ambao huingia bila ya kuandamana wala kukesha. Hiyo ni dhulma ya namna nyengine na yataka nafasi yake; Inshaallah tutaizungumza katika toleo lijalo.